Homosisteini Yangu ni Ishirini na Moja

Jumanne, 2 Machi 1999

Majibu ya damu yametoka kiwandani. Mimi ishirini na moja, Boaz tisa. Nimempiga bao mbele ya idara nzima! Daktari wa utafiti alitutoa damu Januari, sisi wote tuliopita miaka arobaini. Ikapelekwa ng'ambo kwa ndege, na leo kila mtu kapewa bahasha yake. Boaz ni karani wa mizani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mwenyekiti wa kila kitu kinachotaka mwenyekiti. Aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Mimi nikaibandika yangu mlangoni mwa stoo. Ndimi mtunza stoo, mlango ni wangu.

Nimetamba mpaka saa tano. Saa tano daktari akaniita pembeni. Kumbe ile hesabu ni ya kitu kibaya! Kinaitwa homosisteini. Ati kinatokana na nyama na vyakula vya namna hiyo. Mwili ukishindwa kukisafisha, kinabaki kwenye damu, na wataalamu wanakihusisha na mishipa kuziba. Ukipita kumi na tano unaonywa. Nikamuuliza kama ana hakika hawakubadilisha bahasha yangu na ya Boaz. Ana hakika.

Dawa? Nilitarajia sindano, kulazwa, safari ya Nairobi kwa gari la kampuni. Wapi! Ati kidonge kidogo cha vitamini, foliki asidi, kimoja tu kwa siku. Na B12 na B6 zikipatikana. Nile maharagwe, maini, na mboga za majani zisizopikwa hadi zife. Nipunguze kahawa. Niache sigara. Halafu akakiri kwa mdomo wake kwamba vidonge hushusha hesabu, lakini kama kushusha hesabu kunazuia kiharusi, utafiti bado haujasema. Msomi mzima na miwani yake! Hayo ya sigara sikuyasikia vizuri kwa sababu ya kelele za mashine.

Nimeibandua karatasi mlangoni. Boaz alikuwa ameshaisoma. Amenishika bega na kuniambia pole.

Pole yake abaki nayo.

Jumatano, 3 Machi

Kaka yangu Wanjala alianguka akifunga kamba za viatu. Miaka arobaini na tisa. Alikaa mwezi mzima mdomo umepinda, akijaribu kutuambia jambo, na mpaka tunamzika hakuna aliyejua ni jambo gani. Mimi natimiza arobaini na tisa mwezi wa sita. Naogopa. Nimeiandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Yatosha. Vita vimeanzia jikoni. Nafuna, mke wangu, hupika kunde kama alivyofundishwa kwao Bungoma: anatia munyu, ile chumvi ya majivu, anachemsha mpaka jirani wa tatu ajue tunakula nini. Nimemwambia anaua vitamini. Miaka ishirini na mitano ya kuua vitamini! Jioni akaniwekea sukuma mbichi, majani mazima, na mchanga wake juu. Nikala yote ili asipate raha.

Nimeenda msalani mara tatu. Boaz aliniona mara zote tatu.

Alhamisi, 4 Machi

Duka la dawa la Farouk liko kona ya pili kutoka kwangu hapa Makongeni, Thika. Nimesimama ng'ambo ya barabara nusu saa nikingoja liwe tupu. Likawa tupu. Nikaingia, na nyuma yangu wakaingia akina mama watatu wa kanisani kwetu.

Nikanong'ona: foliki asidi. Farouk hajui kunong'ona. Sauti ile anayoitumia kuita watu ng'ambo ya soko ndiyo aliyonijibia. Ati, za mama mjamzito? Ati, hongera, Baba Trizah, kumbe Mama bado yumo!

Hapa Thika hata mtoto anavijua vile vidonge vya njano. Hutolewa kliniki kwa wajawazito. Kwa hiyo niseme ni vyangu? Mimi, mtunza stoo, mzee wa kanisa, nimeze vidonge vya mimba? Ng'o! Nikasema nimekuja kununua wembe. Nikanunua wembe.

Kufika jioni wale mama watatu wamejaa sebuleni wakimpongeza Nafuna, mwenye miaka arobaini na sita. Mmoja kaleta unga wa wimbi wa kupikia uji. Nafuna akawapa chai, akawasindikiza mpaka langoni, akarudi, akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kalamu ya kampuni. Trizah alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Trizah ni mtoto wetu wa pekee, mwalimu wa nasari. Mwezi wa tano anaingia chuo cha ualimu, na nafasi yenyewe tumeingoja miaka mitatu. Anachumbiwa na Philip, kijana wa Ruiru, mwimba kwaya mwenye shingo ndefu. Wameokoka wote wawili. Wanasali kabla ya kushikana mikono. Tumepatana asome kwanza, harusi baadaye, na Jumamosi ya wiki ijayo watu wake wanakuja kujitambulisha. Nafuna alitaka kunieleza mama yake Philip anafanya kazi gani. Nikamkata. Kazi za watu wa Ruiru zanihusu nini?

Farouk hataniona tena dukani mwake. Nimeapa.

Ijumaa, 5 Machi

Ushindi! Leo naandika nikiwa nimekunja nne.

Jana mke wa Boaz alikuwa anapiga domo uani, na ukuta wetu ni mwembamba. Ati kliniki ya akina mama ya huko Ruiru inagawa foliki bure. Bure! Na Ruiru hakuna anayenijua. Kazini nikasema naumwa na jino. Boaz akataka kuniangalia jino. Ana kimbelembele yule!

Kliniki iko nyuma ya soko. Benchi refu, wajawazito kama thelathini, na mimi. Walinitazama kama nimekuja kusoma mita. Mmoja akaniuliza nina miezi mingapi, benchi zima likaangua kicheko. Sikumjibu. Watu wasio na adabu huachwa hivyohivyo.

Zamu yangu ikafika. Nesi ni mama wa makamo, mnene kiasi, miwani ya kamba. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema ni binti yangu, anaona haya kuja. Jina? Hapo sikuwa nimejiandaa. Likanitoka: Trizah. Anatoka wapi? Thika. Kalamu yake ikasimama. Akauliza kama si mwalimu wa nasari huyo. Ndiye! Na mimi si ndiye mtunza stoo wa kiwanda cha nguo? Ndimi! Jamani, jina langu limefika mpaka Ruiru! Boaz na uenyekiti wake wote, nani anamjua Ruiru?

Tangu hapo akawa mtu mwingine kabisa. Akafunga mlango. Akanivutia kiti. Akauliza kwa sauti ya chini mimba ina miezi mingapi. Nikasema mitatu. Nikafikiri kidogo, nikasema minne, nipate vingi. Akauliza kama aliyempa mimba anajulikana. Nikamwambia vijana wa siku hizi hata wao wenyewe hawajui walilolifanya. Akavua miwani, akapangusa macho. Nesi mwenye huruma kama yule sijapata kumwona.

Nimetoka na kopo zima, na kadi yenye jina la Trizah, ambayo nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Daktari alisema kimoja kwa siku. Nimemeza vinne. Kama kimoja kinashusha, vinne vitaporomosha.

Jumapili, 7 Machi

Philip hakuja. Kila Jumapili huja baada ya ibada, anakula chapati sita na kutuimbia, tutake tusitake. Trizah aliweka meza, akavaa lile gauni la buluu, akakaa dirishani. Saa kumi akaondoa sahani.

Nimezila zile chapati mimi. Chakula hakitupwi.

Jumanne, 9 Machi

Barua imeletwa na mwanakwaya mwenzake Philip. Mistari minne. Ati anamwombea Trizah na huyo aliye naye. Ati Mungu ndiye hakimu. Ati asimtafute.

Trizah ameisoma uani, ameisoma jikoni, akajifungia chumbani. Hajui kosa lake. Nafuna anauliza huyo aliye naye ni nani, Trizah anasema hakuna, hakuna, hakuna. Nimewaambia ukweli: kijana ni mlegevu, shingo ile sikuipenda tangu mwanzo, na afadhali tumemjua mapema. Nafuna akanitazama vibaya. Ati niwe na utu hata siku moja.

Nina utu. Nimepiga hodi mlangoni mwa Trizah nikamwuliza kama atakula. Nikasimama pale kitambo. Alikuwa analia kama alivyolia akiwa mdogo, bila sauti, unasikia tu pumzi. Nimemeza vitano leo.

Alhamisi, 11 Machi

Mama yake Philip ametuma ujumbe. Atakuja Jumamosi kama ilivyopangwa, lakini si kwa kujitambulisha. Anakuja kuulizana. Kuulizana! Sisi ndio tulioudhiwa, halafu wao ndio wa kuuliza. Waje. Nitawaonyesha watu wa Thika ni nani.

Tatizo ni msemaji. Kwetu, na kwao vilevile, baba wa binti hafungui kinywa siku kama hiyo. Anakaa, anasemewa. Wanaume wa kwetu wanaojua kusema ni wawili hapa Makongeni, na mmoja kasafiri kwenda kuzika. Amebaki mwenyekiti.

Nimemwendea Boaz. Nilidhani atajishaua, lakini alikubali upesi mno, na ametoa koti lake kupelekwa kwa dobi. Akaniuliza hali ya damu. Nikamwambia imeshuka. Akauliza nimepima wapi. Jinga!

Jumamosi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye stuli jikoni. Chumbani nimefungiwa mlango nisiingie.

Walifika saa nane. Wanawake wawili na mzee mmoja, na Philip kabaki langoni kama mtu wa kudai kodi. Mama wa kwanza akaingia. Gauni zuri, kilemba, mkoba. Akavaa miwani ya kamba.

Miwani ya kamba!

Nikachukua gazeti, nikajifunika uso. Lilikuwa juu chini. Nafuna akalinyang'anya. Yule mama akanipa mkono, akasema anaitwa Waithira, nesi wa kliniki ya akina mama Ruiru, na habari za siku nyingi, baba. Nafuna akauliza kwani tunajuana. Nikasema sura za watu hufanana. Nikaomba kwenda msalani. Boaz akanikalisha, ati mkwe hatoki kikao kikiwa kimeanza.

Basi nikakaa, na mila imenifunga mdomo, na anayenisemea ni mtu wa tisa.

Waithira hakuzunguka. Akasema alimpenda Trizah kabla hata ya kumwona, kwa yale aliyosimuliwa. Akasema mwanawe ameokoka na hajamgusa msichana huyu, naye anamwamini. Kwa hiyo wamekuja kuuliza kwa heshima: mimba ya miezi minne ni ya nani?

Trizah alikuwa ameshika trei ya vikombe. Vikombe vikaanza kugongana.

Boaz akasimama. Lazima niseme alisimama vizuri. Akasema amemwona mtoto huyu tangu anatambaa. Akasema mbele ya Mungu na watu, hakuna mimba, na aliyeleta uzushi huo atajwe jina hapahapa, naye mwenyewe atampeleka mbele ya kanisa na mbele ya chifu. Akapiga meza. Atajwe!

Waithira akaninyooshea kidole.

Kila mtu akanigeukia, mpaka yule mzee wao aliyekuwa anasinzia. Trizah akaweka trei chini. Hakupiga kelele. Alisema tu: Baba, sema.

Haya ni maandishi yangu ya siri, basi niandike lililotokea. Nilijua la kusema. Maneno yenyewe matatu tu: vidonge ni vyangu. Nikamwangalia Boaz, tisa, koti limepigwa pasi. Nikaona hilo koti likiwa kazini Jumatatu likiwasimulia watu. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni kwamba vidonge vilikuwa vya Nafuna.

Nafuna akainuka. Nilidhani ananijia mimi. Akapita, akaingia chumbani, akarudi na kopo, na kitabu cha nyimbo chenye ile bahasha ya daktari ndani. Kumbe alishajua! Kumbe tangu Jumatano ya wiki hii alikuwa akihesabu vidonge vinavyopungua, akidhani nimepatwa na wazimu, akingoja niseme mwenyewe. Ile kadi ya Ruiru alikuwa hajaiona. Aliiona leo, ilipoanguka kutoka kitabuni, na jina la binti yake juu.

Waithira akaisoma ile karatasi ya damu mara mbili. Akasema hom... akakwama hapo. Akauliza nameza vingapi. Nikasema vitano. Akauliza kwa nini sikwenda tu duka la dawa lolote, huuzwa bila karatasi ya daktari, tena kwa bei ndogo kuliko nauli ya Ruiru. Akasema hata pale kliniki ningesema ukweli angenielekeza, kwani damu ya mwanamume nayo ni damu. Boaz akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua koti. Mzee wao akacheka bila kujua anacheka nini.

Trizah hakucheka. Akasema: Baba mkubwa alikufa hivyo, nawe ukakaa na jambo hili kimya. Ungeniambia tu, ningekununulia. Akasema tena, Ungeniambia tu. Halafu akatoka.

Waithira akamfuata uani, akaomba msamaha kwamba siri ya kliniki aliipeleka nyumbani, akamwambia mwanawe. Philip akaitwa. Akaja na ile shingo, analia. Trizah akamwambia alikuwa na wiki nzima ya kuja kumwuliza swali moja, na badala yake akaandika mistari minne. Kwa hiyo yeye anakwenda chuo kama ilivyopangwa. Miaka miwili. Philip akitaka aje Jumapili, hatafukuzwa, lakini chapati atakanda mwenyewe.

Philip amekubali. Ameanza leoleo. Zimeungua.

Wakati wa kuondoka Waithira aliniita muthoni, ndiyo mkwe kwa lugha yao, kwa hiyo naona mambo yameisha vizuri na sioni kwa nini nafungiwa chumba. Nilimsindikiza langoni nikamwuliza kuhusu ile B6, kwa kuwa daktari aliitaja. Akasema hospitalini huiona zaidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, wanapewa pamoja na dawa zao ili miguu isife ganzi. Nikauliza, wanapewa bure? Akasema bure. Halafu akanitazama kwa muda mrefu.

Jumatatu, 15 Machi

Kiwanda kizima kinaniita Mama Kijacho. Mlangoni mwa stoo nimekuta soksi za mtoto, zimefumwa, na kikaratasi cha hongera. Mwandiko wa Boaz siujui, lakini ufumaji wa mkewe naujua.

Niliporudi nyumbani nikakuta kopo jipya mezani. Trizah kalinunua kwa Farouk. Ati alisema kwa sauti ya kawaida kwamba ni za babake, Farouk akamfungia kwenye karatasi, basi. Ati watu walikuwamo dukani na hakuna aliyegeuka. Juu ya kopo kaandika kwa herufi kubwa za nasari: KIMOJA KWA SIKU. Bado hanisemeshi sana, lakini usiku wa jana alinipakulia maini.

Nimemeza kimoja. Sikukinunua mimi, kwa hiyo kiapo changu kuhusu Farouk kiko palepale. Nafuna naye kapika kunde bila munyu, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Familia yangu imenifundisha mengi wiki hii. Hasa hili: kosa langu lilikuwa kutumia jina la mtu wa nyumbani.

Kuna zahanati upande wa Witeithie yenye siku ya wagonjwa wa kifua, na B6 yao ya bure, Jumatano. Huko hakuna anayenijua kabisa. Kazini nimeshasema lile jino limerudi. Nimefanya mazoezi ya kukohoa nyuma ya marobota ya nguo, na vijana wawili wa stoo wamehama meza, kwa hiyo ni kikohozi kizuri.

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi mapema, safari hii sitababaika. Mgonjwa ni mwanamume, anakohoa wiki tatu, anaona haya kuja mwenyewe. Kazi, karani wa mizani. Jina, Boaz.